Vidonge vya Kukonda

Mwaka 2006 niliuanza nikiwa na kilo mia moja na nne. Najua kwa sababu nilijipima kwenye mizani ya mahindi. Usicheke. Hospitalini ukitaka mizani lazima upange foleni na wagonjwa, na mimi sikuwa mgonjwa, nilikuwa mnene tu. Kwa hivyo nilipita nyuma ya soko la Bungoma hadi ghala la Walubengo, mnunuzi wa nafaka, nikapanda pale magunia hupandishwa. Walubengo akasubiri mshale utulie.

"Mama Kizito," akasema, "wewe ni gunia moja na gorogoro saba. Na si ya kupunja, bana. Imejaa kabisa."

Gunia ni kilo tisini, gorogoro ni mbili. Hesabu mwenyewe.

Unene kwetu si aibu, na anayekuambia ni aibu ametoka mbali. Mke akinenepa, mumewe ndiye husifiwa. Wanyonyi wangu alisifiwa miaka ishirini na minne, mpaka trekta la miwa likamgonga karibu na Bokoli mwaka 2004. Shida yangu ilikuwa magoti. Nilikuwa karani katika ofisi za serikali, ghorofa ya pili, na kila asubuhi nilipanda ngazi nikipumzika mara tatu, huku vijana walioajiriwa juzi wakinipita na kuniambia pole. Nilichoshwa na pole zao.

Magoti ndiyo sababu niliyokuja kuwaambia watu. Ukweli wote ni huu. Jumapili moja mchana nilikuwa nyumbani Kibabii, peke yangu, kwa maana mwanangu wa pekee, Kizito, alikuwa anafundisha Kitale. Redioni kulikuwa na kipindi cha maswali ya afya, na daktari alikuwa mtu wa Kitale, Gathogo. Mwanamke kutoka Suam alipiga simu kulalamikia mgongo. Kabla ya kumjibu, daktari akamuuliza, "Kwanza, mama, umelala vipi?"

Nikaketi chini. Tangu Wanyonyi aende, hakuna aliyewahi kuniuliza nimelala vipi. Watu huuliza habari, na habari ni nzuri siku zote, hata ya mtu anayezikwa kesho. Walipoitaja namba ya daktari, niliiandika ukutani kwa makaa kwa kukosa kalamu.

Nilimpigia Ijumaa. Alinihoji kwa utaratibu: umri, uzito, choo, moyo, magoti, usingizi. Mwisho akasema kwa kawaida angeniona kwanza, lakini kwa magoti hayo na barabara hiyo, basi tungeanza kwa simu. Baada ya siku tatu nikachukua bahasha kwenye ofisi ya mizigo. Ndani mlikuwa na chupa ndogo ya kahawia na vidonge vyeupe alivyovihesabu mwenyewe kutoka mkebe mkubwa. Chupa haikuwa na jina la dawa wala la mtu. Nilitakiwa kumeza kimoja kila siku saa nne asubuhi, bila kukosa, saa ile ile.

Saa nne ndiyo saa ya chai ofisini. Kila mtu aliniona.

Basi ikawa desturi, na bahasha mpya kila mwezi. Kila Ijumaa saa sita na nusu napimwa kwa Walubengo, saa saba naketi kwenye ngazi za nyuma za ofisi, namflashi daktari, naye anapiga. Uzito? Usingizi? Moyo? Tukimaliza hayo, hakukata simu haraka. Nilikuja kujua kwamba aliishi peke yake na alikula amesimama, kwa sababu meza yake ilijaa mafaili. Naye alijua kwamba mimi nililala upande wa ukutani wa kitanda, na ule mwingine nilikuwa sijaugusa. Mambo hayo humwambii mtu unayemwona uso.

Dawa ilifanya kazi. Njaa ilinitoka kama mgeni aliyefukuzwa. Mwezi wa nne, Walubengo akatangaza kwamba sasa hata gunia sijai. Nikapanda ngazi za ofisi bila kupumzika, na mwezi wa saba nikafika kilo sabini na nane.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu, sitamsingizia mtu. Daktari alikuwa amesema tangu mwanzo, "Ukifika sabini na nane, mama, tunafunga faili." Ijumaa ile nikaketi kwenye ngazi, simu ikalia, akauliza uzito. Nikasema themanini na sita.

"Basi tuendelee," akasema.

Tukaendelea. Mwili ukashuka, na mimi mdomoni nikawa naupandisha. Mdomo ulikauka, moyo ukawa unakimbia hata nikiwa nimekaa. Akiniuliza moyo, namwambia uko sawa. Nilijua ni ujinga. Lakini wiki ina siku saba, na sita kati yake hakuna aliyeniuliza kitu.

Kwa nini hawakuniuliza? Kumbuka ulikuwa mwaka gani. Mjane, mume amekufa miaka miwili iliyopita, anakonda kila mwezi. Ana chupa isiyo na jina, anameza kidonge saa ile ile kila siku, na Ijumaa anajificha nyuma ya ofisi kuongea na daktari wa mbali. Hata ningekuwa mimi ndiye jirani, ningesema ni ukimwi. Huku kwetu waliuita slim, jina lililovuka mpaka kutoka Uganda, na hawakulisema mbele yangu. Walianza hata kulipunguzia lawama lile trekta la miwa.

Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana! Walinihurumia. Wanawake wa kanisa wakija kunitazama, nikiwapa chai wanasema wamekunywa walikotoka. Thamosi ilirudi jikoni imejaa. Ofisini, kikombe changu kikawa kinaachwa peke yake mwisho wa sinia. Kwenye matanga, nikishika mwiko, mtu ananipokonya polepole: "Wewe pumzika, Mama Kizito." Nilipumzishwa mpaka nikawa sina kazi hata moja katika ulimwengu wa wanawake wenzangu.

Mwezi wa tisa nikamwita wifi yangu Nabwile, dada ya marehemu, aliyerudi kwao baada ya ndoa kumshinda. Boma lake na langu hutenganishwa na ua wa michongoma tu. Nikamwambia yote: redio, daktari, magoti, vidonge vya kukonda. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono.

"Sawa, mulamwa," akasema, kwa jina tunaloitana mawifi. "Ni ya kukonda. Sisi hatukuulizi kitu."

"Nabwile, ni kweli!"

"Si nimesema sawa? Lakini nani anameza dawa ndio akonde, mulamwa? Watu wanatafuta ya kunona."

Nikaenda kupimwa. Sikuwa na wasiwasi. Majibu yakatoka safi. Lakini kwenye vituo vile hawakuandika jina lako, ili siri yako isitoke, walikupa namba tu. Sheria nzuri kabisa, na mimi ikanimaliza. Nabwile aliigeuza ile karatasi huku na huku. "Namba ni namba," akasema. "Hata hii inaweza kuwa yangu. Na kama si ile kitu, basi hiyo mwili inaenda wapi?"

Ningevumilia hayo yote kama si harusi. Kizito alikuwa amempata msichana wa Kitale, Wangechi, binti ya mzee Mathenge, mkulima. Siku ikapangwa, Jumamosi ya pili ya Desemba, na wakwe wangekuja kwetu Kibabii baada ya kanisa. Katika nyumba yetu, mama wa bwana harusi ndiye huwapakulia wakwe sahani ya kwanza kwa mkono wake. Mama mkwe wangu alifanya hivyo, na mama mkwe wake kabla yake. Mkwe asipokula mkononi mwako, undugu haujaanza. Nilikuwa na mtoto mmoja, kwa hivyo nilikuwa na sahani hiyo moja tu maishani.

Katikati ya Novemba Kizito akanipigia simu. Alianza na mahindi, akaja kwa mvua, nikajua kuna jambo.

"Mama, siku hiyo wewe ukae tu. Hapo kwa tenti, kiti ya mbele. Akina shangazi watapakua."

"Nani amesema?"

"Si ati mtu amesema. Watu wa akina Wangechi wamesikia uko... wamesikia unaugua."

"Na wewe umesikia nini, Kizito?"

Akarudi kwenye mvua. Mtoto niliyemnyonyesha miaka miwili! Nikakata simu, nikalia kwa hasira.

Palikuwa na mtu mmoja duniani aliyejua mwili wangu ulikwenda wapi. Ijumaa nikamwomba daktari Gathogo aniandikie barua yenye mhuri: huyu mama nimempa dawa za kupunguza mwili tangu Januari. Mstari mmoja tu. Nilitegemea atasema ndiyo kabla sijamaliza.

"Mama," akasema, "mwezi huu nimepata barua kutoka kwa bodi inayotupa leseni. Hakuna kumwandikia dawa mtu ambaye hujamwona kwa macho. Na hizi za kupunguza mwili wamezitaja hasa. Nikiandika kwamba nilikupa kwa simu tangu Januari, nimejiandikia mashtaka."

"Kwa hivyo?"

"Njoo Kitale. Nikuone, halafu tutajua la kufanya."

Nilienda Jumanne. Kliniki yake ilikuwa chumba na nusu nyuma ya duka la mbegu na dawa za mifugo, na harufu ya dawa za kuogeshea ng'ombe ilifika hadi kwenye benchi la wagonjwa. Alitoka mwenyewe kunipokea. Alikuwa mfupi, mdogo kuliko sauti yake, amevaa koti la kahawia. Nikamwambia mimi ni Dinah wa Bungoma. Akanisalimu, kisha akachungulia nyuma yangu mlangoni.

"Na mgonjwa yuko wapi?"

"Ni mimi, daktari."

Alinipandisha kwenye mizani yake. Kilo sitini na moja. Akatazama mizani, akatazama daftari.

"Ijumaa umeniambia themanini na mbili."

"Ndiyo."

"Na kabla ya hapo themanini na tatu. Kwa nini, mama?"

"Ulisema tukifika sabini na nane unafunga faili."

Akanishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo akitazama saa, akahesabu tena. Rangi ilimbadilika. Akauachia mkono wangu taratibu, na nikaona mkono wake mwingine unaenda kwenye boksi la glavu.

"Mama," akasema kwa sauti ile ile ya redioni, "umewahi kupimwa?"

Nimezaa, nimezika, nimeitwa mjane. Hakuna kitu kilichowahi kunichoma kama swali lile. Yeye! Yeye aliyevihesabu vidonge kwa vidole vyake! Kama yeye ameniona na kufikiri hivyo, wengine nitawalaumu kwa lipi?

"Nimepimwa," nikasema. "Niko safi. Ni dawa yako."

"Najua. Najua, mama. Nisamehe. Ni desturi ya kazi." Akaacha zile glavu. "Acha hivi vidonge leo hii. Moyo wako unapiga kama wa mtu anayekimbizwa. Ningekuona mwezi wa saba, ningekuachisha wakati huo. Ndiyo maana ya hiyo sheria."

Alisema kweli, na nilijua ni kweli. Sheria ile ingeniokoa. Lakini nilikuwa nimekuja na harusi kifuani, si sheria. Nikamuuliza juu ya barua. Akachukua karatasi yenye jina la kliniki, akaandika, akapiga mhuri, akanisukumia. Iliandikwa kwamba mama Dinah Nelima amefika kwake siku hiyo kwa mara ya kwanza, na kwamba anahitaji lishe na mapumziko.

"Kwa mara ya kwanza," nikasoma. "Miezi kumi na moja, daktari. Kila Ijumaa. Ulikuwa unaongea na nani?"

Aliinamisha kichwa. "Kisheria, mama, sikuwa naongea na mtu."

Niliiacha ile karatasi mezani kwake, juu ya mafaili. Nikarudi nyumbani, vidonge nikavitupa chooni, na Ijumaa sikumflashi. Naye hakupiga.

Siku ya harusi jua liliwaka vizuri. Kanisani walinitengea nafasi, pana sana, viti viwili tupu kila upande. Tuliporudi nyumbani Nabwile akanielekeza kwenye kiti changu mbele ya tenti, kimefunikwa kitambaa cheupe. Nikamshukuru, nikapita, nikaingia jikoni, nikafunga aproni. Wanawake wakatazamana, hakuna aliyethubutu kuninyang'anya. Nikapakua kuku, wali na chapati, nikabeba sinia mwenyewe mbele ya watu wote mpaka meza ya wakwe.

Mzee Mathenge alisimama kwa heshima. Alipokea sahani kwa mikono miwili, akasema, "Asante sana, mama, ubarikiwe," akaiweka mezani. Mke wake naye vivyo hivyo. Kisha mzee akaanza kumweleza jirani yake bei ya mbolea. Mke akafunika sahani yake kwa kitambaa cha karatasi, eti nzi. Nikasimama pale na sinia tupu. Kuku akapoa. Wangechi, maskini, alitazama chini ndani ya shela yake, na Kizito akawa anaondoa vumbi lisilokuwepo kwenye kiatu.

Nilitamani lile trekta linipitie na mimi.

Kwetu harusi haiendi bila wageni kutoka mbali kusimama na kuwasalimu watu. Msimamizi wa shughuli akawaita wa Kitale, mmoja mmoja. Wakasimama wajomba, wakasimama walimu wenzake Kizito. Halafu safu ya nyuma kabisa akainuka mtu mfupi mwenye koti la kahawia. Sikuwa nimemwalika, ila tarehe ile nilimtajia kila Ijumaa tangu siku ilipopangwa. Akapewa maikrofoni.

"Bwana asifiwe," akasema. "Mmelala vipi?"

Meza ya wakwe yote iligeuka. "Si ni daktari wa Jumapili!" akapiga kelele mke wa Mathenge. "Daktari wa redio!" Watu wakapiga makofi, watoto wakapanda viti. Sura yake hakuna aliyeijua, lakini sauti ile ilikuwa imeingia katika nyumba zote za Trans-Nzoia, wilaya yao. Akasubiri watulie.

"Mimi si mgeni wa bwana harusi. Ni wa mama yake. Mnamwona amekonda. Ni mimi niliyemkondesha. Nilimpa vidonge vya kupunguza mwili, miezi kumi na moja, kwa simu, bila kumwona hata siku moja. Sheria inakataza. Alikuja kwangu akiwa hivi, nikamwandikia karatasi ya uongo ili nijiokoe mimi. Hana ugonjwa wowote, ni dawa yangu tu." Akashusha maikrofoni, akaiinua tena. "Ni hayo. Na mama, mimi sijala."

Nilimpelekea sahani. Akala palepale, amesimama, kuku kwa mkono, watu mia tatu wakimtazama anavyotafuna. Alipofika kwenye mfupa, mzee Mathenge akavuta sahani yake, akakata chapati. Mkewe akaondoa kile kitambaa. "Hii kuku imeiva vizuri, mama," akasema, na ilikuwa imepoa kama maji ya mto.

Basi ikawa kama mlango uliovunjwa. Watu walikula, wakaomba waongezewe, na wote walitaka niwapakulie mimi. Wengine wakanitania papo hapo ati niwaachie na wao namba ya huyo daktari. Kizito alikuja jikoni na suti yake, akanikumbatia. Nikamwambia arudi kwa mke wake.

Daktari hakungoja keki. Nilimsindikiza mpaka barabarani.

"Jumatatu naenda kwa bodi mwenyewe, kabla hawajaniita," akasema. "Ile laini nimeizima. Wewe nenda hospitali ya hapa, wakuone moyo. Wakuone, mama, umesikia?"

Nikasema nimesikia. Tukapeana mikono, na mkono wake ulikuwa na mafuta ya kuku. Sikumwona tena, wala redioni sikumsikia tena. Nilimkosa, na bado namkosa.

Jioni wageni walipokwisha, tulibaki wanawake na masufuria. Nabwile alikuwa anasugua karibu nami, amechangamka, anaimba. Akanipiga bega kwa mkono wenye jivu.

"Mungu ni mkubwa, mulamwa. Si unaona maombi yamejibiwa? Tumekuombea wewe sana. Kila Jumatano, kuanzia mwezi wa tano, hatujakosa hata moja. Tunaimba, tunalia, tunakutaja kwa jina."

"Mlikuwa mnakutana wapi?"

"Kwangu, si ni hapo tu. Sebuleni."

Nikakumbuka Jumatano zile. Nilikuwa nikisikia nyimbo ng'ambo ya michongoma, nazima taa mapema ili wasione nimekaa peke yangu. Nilidhani ni chama kipya ambacho hawakutaka niingie.

"Nabwile," nikasema, "kwa nini hamkuniita?"

Akaacha kusugua. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote.

"Sasa tungekuita aje, mulamwa," akasema, "na ni wewe tulikuwa tunaombea?"